Sauti Kubwa, Hatua Kubwa: Majibu kwa Wasomaji Wanaouguza Wagonjwa wa Parkinson

Tangu tuandike katika safu hii kwamba ugonjwa wa Parkinson una mazoezi yake, si vidonge peke yake, barua zimekuja mfululizo kutoka Lamu na Malindi. Nyingi ni za watoto na wake wa wagonjwa. Moja ni ya mgonjwa mwenyewe. Tumezifupisha na majina tumeyaacha nje.

Baba ni mwalimu wa madrasa. Miaka 3 iliyopita aliambiwa ana Parkinson. Mkono hautetemeki sana, lakini sauti imekwisha. Wanafunzi wa nyuma hawamsikii. Nyumbani tukimwambia aseme kwa nguvu anakasirika, anatuambia sisi ndio viziwi. Je, ni ukaidi wa uzee? Na kuna dawa ya koo? (Binti wa mwalimu, Malindi)

Binti yetu, baba yako hakaidi. Ugonjwa huu unaua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo kazi yake mojawapo ni kuusaidia ubongo kupima ukubwa wa kila tendo la mwili. Dopamini ikipungua, kila kitu kinasinyaa: hatua, mwandiko, mbembeo wa mkono, tabasamu, na sauti pia, kwa kuwa sauti ni kazi ya misuli ya kifua, koo na mdomo. Kibaya zaidi, kile kipimo cha ndani kinachomwambia mtu amesema kwa nguvu kiasi gani nacho huharibika. Fikiria mizani ya samaki ambayo springi yake imelegea: muuzaji anaona kilo, mnunuzi akifika nyumbani anakuta robo tatu. Muuzaji hakuiba. Baba naye anasema kwa kiwango ambacho ndani ya kichwa chake ni cha kawaida, na anaposema kwa kiwango mnachokisikia nyinyi, yeye anahisi anapiga kelele, jambo ambalo mtu wa heshima zake hawezi kulipenda.

Kwa hiyo anzeni na ushahidi, msianze na amri. Mrekodini kwa simu akizungumza dakika 2, simu ikiwa mezani hatua moja kutoka kwake, halafu mpeni asikilize. Wagonjwa wengi hushtuka, maana kwenye rekodi masikio yao husikia vizuri yale wasiyoyasikia wanaposema. Kisha aseme yaleyale kwa sauti anayoiona imezidi, mrekodi tena, mcheze zote mbili. Rekodi hizo mbili zitamaliza ugomvi ambao mmekuwa nao mwaka mzima.

Vidonge vya Parkinson husaidia mikono na miguu kuliko vinavyosaidia sauti. Tiba ya sauti yenyewe ni mazoezi. Utaratibu uliochunguzwa zaidi ulianzishwa Marekani mwaka 1987 na Lorraine Ramig na mwenzake, ukapewa jina la Lee Silverman, mama wa Arizona aliyekuwa na ugonjwa huu. Ni vipindi 16: siku 4 kwa wiki, wiki 4 mfululizo, saa nzima kila siku. Nusu ya kwanza ya kipindi ni ya kujenga sauti, nusu ya pili ni ya kuipeleka katika maneno.

Baba akae kwenye kiti kigumu, miguu yote miwili chini, mgongo usiegemee, glasi ya maji karibu. Avute pumzi ya kutosha bila kuinua mabega, kisha atoe "aaa" moja nene, ya nguvu, iliyonyooka, mpaka pumzi iishe. Mara 15. Andikeni sekunde za kila moja. Baada ya hapo aanze "aaa" katika sauti ya kawaida, aipandishe mpaka juu anapoweza, aishike hapo sekunde 5. Mara 15. Halafu aishushe chini vivyo hivyo, mara 15. Kisha zije sentensi 10 ambazo yeye huzisema kila siku, si za kitabuni. Mwacheni azichague: "Nani yuko mlangoni?", "Niletee maji ya baridi", "Fungeni misahafu", "Tewa leo kilo ngapi?" Kila sentensi mara 5, kwa sauti ileile ya "aaa". Nusu saa inayobaki ni ya kusoma na kuzungumza: wiki ya 1 maneno na vifungu vifupi, wiki ya 2 sentensi, wiki ya 3 aya nzima, wiki ya 4 mazungumzo ya kweli. Siku ya kipindi arudie mwenyewe dakika 10 jioni. Siku zisizo na kipindi arudie mara 2.

Kwa kuwa ni mwalimu wa Kurani, ana hazina nyingine. Madi za tajwidi, yaani sauti zinazorefushwa katika kisomo kwa hesabu (harakati) 2, 4 au 6, zinamlazimu kuishika sauti na kuipima pumzi. Asome kwa sauti ya darasani, si ya kunong'ona. Lakini kisomo kisichukue nafasi ya mazungumzo. Alichohifadhi tangu utotoni kinatoka chenyewe, ndiyo maana mtashangaa anasoma Yasini nyumba nzima ikasikia, akimaliza akaomba chai na hakuna aliyeelewa. Mazungumzo ya papo kwa papo ndiyo magumu, na ndiyo yanayohitaji mazoezi.

Makosa tunayoyaona ni matatu. La kwanza, kukaza koo: sauti inakuwa kali na ya kukwaruza, shingo inatoa mishipa. Ikiwa hivyo mwambieni alegeze taya, aanze upya kwa pumzi. Koo lisiume. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, au iliyobadilika kabla ya mazoezi, ikaguliwe na daktari wa masikio, pua na koo kwanza. La pili, maagizo mengi kwa wakati mmoja: vuta pumzi, fungua mdomo, taratibu, tamka vizuri. Ubongo wake hauwezi kushika yote. Neno ni moja tu, "sauti kubwa", na mengine hufuata: akiongeza nguvu, mdomo wenyewe hufunguka na matamshi hunyooka. La tatu ni "Eti? Hatukusikia!" mara 10 kwa siku. Kubalianeni ishara moja, tuseme kiganja kilichoinuliwa, na mkisha kuinua kiganja mngojeni arudie.

Programu ya simu ya kupima kelele inafaa, mradi muitumie kujipima wenyewe kwa wenyewe: simu ileile, umbali uleule wa sentimita 30, tarakimu ya leo dhidi ya ya wiki iliyopita. Wataalamu wa usemi ni wachache Pwani, basi ulizeni pia kuhusu vipindi vya simu ya video; kwa mazoezi haya video inafanya kazi vizuri.

Mume wangu ana miaka 68. Barabarani Usita wa Mui anatembea, pole pole lakini anatembea. Akifika kwenye mlango wetu miguu inaganda kama imetiwa gundi. Punda akija nyuma yake ndiyo basi kabisa. Juzi kijana alimvuta mkono ili ampishe punda, akaanguka kifudifudi. Tumfanyeje? (Mke wa mgonjwa, Mkomani, Lamu)

Pole sana, Mama, na ashukuriwe Mungu hakuvunjika. Anzeni kwa kuwaambia vijana wote wa mtaa: mtu aliyeganda havutwi. Miguu imeshikwa na ardhi, kiwiliwili kinafuata mkono, na hapo lazima aanguke.

Kuganda kuna sababu zake, na mji wa Lamu unazo zote: mlango mwembamba, kona kali, kizingiti, haraka, na mambo mawili kwa mpigo, kama kutembea huku unajibu salamu. Mwendo wa kawaida ubongo huuendesha wenyewe, bila kufikiri, na njia hiyo ndiyo iliyoharibika. Ipo njia nyingine, ile mtu anayotumia akiruka dimbwi au akipanda ngazi: macho yanaona shabaha, mguu unalenga. Njia hiyo bado nzima. Ndiyo maana mgonjwa anayeganda kwenye sakafu tambarare anaweza kupanda ngazi za ghorofani bila shida, na watu wakadhani alikuwa akijifanya. Daktari Mwingereza James Purdon Martin aliandika mwaka 1967 kwamba mistari iliyochorwa kukata njia humfungua mgonjwa. Iliyochorwa kufuata urefu wa njia haimsaidii.

Basi mchoreeni mistari. Mitatu kabla ya mlango, mmoja kwenye kizingiti, mitatu ndani. Upana wa mstari uwe vidole 3, na nafasi kati ya mstari na mstari ilingane na hatua yake nzuri, kwa wengi sentimita 40 hadi 50. Mpimeni siku anayotembea vizuri. Rangi iwe tofauti na sakafu: kwenye chokaa nyeupe, nyeusi au nyekundu. Tepu haikai kwenye chokaa, inabanduka kona na kuwa mtego wa kumkwaza; tumieni rangi ya mafuta. Aambiwe akanyage *kupita* mstari, si juu yake, na macho yatangulie mbele mstari mmoja au miwili badala ya kubaki kwenye vidole vyake.

Akiganda mahali pasipo na mistari, afuate mpango huu, na aukariri akiwa mzima ili aukumbuke akikwama. Asimame kabisa, aache kupigana na miguu. Avute pumzi moja. Visigino viguse chini, mgongo unyooke, maana mtu aliyeganda huwa amesimama kwa vidole huku ameinama mbele. Ahamishe uzito kulia, kushoto, kulia, kama mtu aliyesimama ndani ya mashua. Kisha aseme kwa sauti "moja, mbili, tatu", na kwa "tatu" apige hatua moja *kubwa*. Hatua ndogo ya majaribio inarudisha kuganda palepale.

Wewe simama ubavuni mwake, si mbele. Weka mguu wako ukikata njia mbele ya mguu wake, umwambie auruke. Au mhesabie. Mdundo nao unafungua: kwa mwingine ni kupiga makofi, kwa mwingine kaswida anayoipenda, kwa mwingine mdundo wa ngoma ya kirumbizi. Mkitaka kutumia kipima mdundo cha simu, hesabuni kwanza hatua zake za kawaida kwa dakika moja, mfano 90, mkiweke hapohapo. Akiendelea kuganda, punguzeni sehemu moja ya kumi, kiwe 81. Watu wengi hukosea wakakiongeza kasi wakidhani watamchangamsha, naye hubaki na vihatua vidogo vya haraka haraka vinavyomwangusha.

Kugeuka ndiko kunakoangusha zaidi, hata kuliko mlango. Asijizungushe kama pia juu ya mguu mmoja. Azunguke kama dau linalogeuza, kwa duara pana, akinyanyua miguu. Mahali ni pembamba? Afikirie uso wa saa chini yake: mguu wa kwanza uelekee 3, wa pili ufuate, wa kwanza uelekee 6, wa pili ufuate. Na punda akija, asijaribu kuongeza mwendo. Aegemee ukuta au akae kwenye baraza iliyo karibu, apite punda, kisha aanze upya kwa ule mpango. Mwenye punda atangoja. Mwambieni tu.

Viatu: ndara zisizo na kisigino zinamfundisha kuburuta mguu. Anunue vyenye mkanda nyuma. Lakini soli ya mpira laini unaonata nayo ni hatari kwa anayeburuta, inakamata sakafu ghafla na mwili ukaendelea mbele. Kikoi kisifike chini ya kifundo cha mguu. Lile gongo la chuma la miguu minne lisilo na magurudumu, linalonyanyuliwa na kutuliwa kila hatua, kwa wagonjwa wa Parkinson mara nyingi linaongeza kuganda, kwa sababu linakata mdundo wa mwendo. Msilinunue kabla mtaalamu wa tiba ya viungo hajamwona akitembea.

Jambo moja zaidi, Mama. Kama maanguko yalianza mwaka uleule wa kwanza wa ugonjwa, mrudisheni kwa daktari na mlitaje wazi. Parkinson ya kawaida haiangushi mapema hivyo, na yapo magonjwa yanayofanana nayo.

Mjomba anakohoa kila akinywa maji, na mate yanamtoka mpaka kanzu inalowa. Anaona haya kwenda msikitini. (Mpwa, Shela, Lamu)

Mate yake hayajaongezeka. Sisi sote humeza mate bila kujua, mamia ya mara kwa siku, na yeye amepunguza kumeza. Kabla ya kutoka nyumbani na kabla ya kusema, afunge midomo na ameze kwa makusudi, aseme moyoni "meza kwa nguvu". Kipande cha peremende au ubani wa kutafuna humkumbusha kumeza, lakini asiwe navyo mdomoni akilala au akitembea. Kichwa kikiinama mbele mate hutoka zaidi, kwa hiyo kunyoosha mgongo peke yake kunasaidia.

Kukohoa akinywa ni jambo zito zaidi kuliko mate, na tafadhali msilizoee. Maana yake maji yanakwenda njia ya pumzi. Nimonia inayotokana na chakula kilichopotea njia ni moja ya sababu kubwa zinazowaua wagonjwa hawa. Dalili nyingine ni sauti ya majimaji baada ya kula, kama mtu anayesukutua, kupungua uzito, mlo unaochukua zaidi ya nusu saa, na homa za kifua za mara kwa mara. Wapo pia ambao maji huwapotea bila kikohozi chochote. Mpelekeni akapimwe umezaji wake.

Wakati mnangoja: ale akiwa amekaa wima kabisa, si kwenye mkeka akiegemea mto. Televisheni izimwe. Funda moja dogo, ameze, asubiri, ameze tena bila kitu mdomoni, ndipo funda la pili. Kikombe kijazwe, kikipungua nusu kiongezwe, kwa sababu kikombe kinachoisha kinamlazimu kuinua kidevu, na kidevu kikiwa juu njia ya pumzi hubaki wazi. Vidonge vimezwe na kijiko cha uji mzito au papai lililopondwa, si kwa kutupa kichwa nyuma na maji. Vyakula vinavyomsumbua mtu huyu ni mandazi makavu, karanga, halua inayonata, na wali wenye mchuzi mwepesi, ambao unampa vitu viwili vya kasi tofauti mdomoni. Samaki wa kupaka aliyetolewa miba, na mchuzi mzito wa nazi, humezwa vizuri. Akimaliza abaki wima dakika 30. Meno na ulimi visuguliwe asubuhi na usiku, maana uchafu wa mdomo ukishuka kifuani ndio unaoanzisha nimonia.

Chakula kikimkaba akashindwa kukohoa wala kusema: mwinamisheni mbele, mpigeni mapigo 5 ya kisigino cha mkono katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, sukuma ndani na juu mara 5. Rudieni kwa zamu mkiita msaada.

Mama anameza vidonge vyake vya Parkinson, levodopa na kabidopa, mara 4 kwa siku. Ramadhani inakaribia na hataki kusikia habari ya kula mchana. Mwaka jana alivigawa vyote kati ya futari na daku. Kufika adhuhuri hakuweza kujigeuza. Na je, ni kweli samaki hupingana na dawa? (Kijana wake, Malindi)

Kidonge cha kawaida cha levodopa hushika kwa saa chache tu. Kwetu, karibu na ikweta, kutoka alfajiri hadi magharibi ni zaidi ya saa 13. Hesabu hiyo ndiyo iliyomlaza mama yenu, na kumeza vingi usiku hakuwezi kuifidia, ila kumletea mwili kuchezacheza, kichefuchefu au kuona visivyokuwepo. Kukata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa. Akipatwa na hayo ni hospitali saa hiyohiyo.

Mwoneni daktari mwezi mmoja au zaidi kabla. Kwa mgonjwa ambaye hali yake ni nyepesi, huenda daktari akabadilisha aina ya dawa au saa zake. Kwa anayemeza mara 4 na anayeshindwa kujigeuza ikifika adhuhuri, tunaona kufunga ni hatari, na tunasema hivyo bila kuzunguka. Sheria ya dini imempa mgonjwa nafasi, na asiyetarajia kupona hutoa fidya, kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Sheikh wenu aelezewe ugonjwa wenyewe, ikiwezekana daktari na sheikh wazungumze kwa simu. Mama anayemheshimu sheikh atalipokea kwake kwa moyo mwepesi kuliko kwa mwanawe.

Samaki hana kosa. Ni protini yote: samaki, nyama, maharagwe, maziwa, mayai. Chembe za protini na levodopa hugombea mlango mmoja wa kuingilia kwenye utumbo, na tena mwingine wa kuingilia ubongoni. Basi kidonge kitangulie nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, na sehemu kubwa ya samaki iliwe usiku. Asiache protini, atadhoofika misuli. Na kichefuchefu kikija msikimbilie dukani kununua metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina Plasil. Inaziba dopamini yenyewe na itamgandisha. Mtajieni mfamasia jina la ugonjwa kabla ya kununua dawa yoyote.

Mimi ni fundi wa madau Matondoni, miaka 57. Mwaka huu nimeambiwa ni Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka nikiupumzisha, nikishika tezo unatulia. Sijashindwa na kitu. Mazoezi si ya watu walioshindwa?

Ndugu fundi, huu ndio wakati wake bora. Mkono unaotetemeka ukipumzika na kutulia ukifanya kazi ni tabia ya ugonjwa huu, kwa hiyo kazi haijakukataa. Utakachoona mapema ni vitu vidogo: msumari unakuchukua muda zaidi, mkono wa kulia haubembei ukitembea, hatua ya kulia inafupika. Mkeo ameshaona kabla yako, muulize.

Fanya haya kila siku, saa moja baada ya dawa kama umeanza dawa. Kaa ukingoni mwa kiti, inama mikono iguse sakafu, kisha inuka na kuifungua juu mpaka kifua kipasuke, vidole vimetanuka kabisa. Shika kwa hesabu ya 10. Mara 8. Ukiwa umekaa bado, nyosha mkono mmoja na mguu mmoja ubavuni kadiri unavyofika, hesabu 10, mara 8 kila upande. Kisha simama: hatua kubwa mbele huku mikono ikifunguka, rudi, mara 8 kila mguu, hatua kubwa ubavuni, mara 8, hatua kubwa nyuma, mara 8, hii ukiwa karibu na ukuta. Maliza kwa mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, ukiyumba mbele na nyuma, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, mara 10 kila upande. Kipimo ni kilekile tulichomwambia binti wa mwalimu: ukilihisi zoezi kuwa kubwa kupita kiasi, hapo ndipo limefika saizi ya kawaida. Ukilihisi la kawaida, ni dogo. Vidole navyo: tanua vyote kwa nguvu kama unarusha maji, mara 10, kabla ya kushika nyundo au kufunga vifungo.

Ongeza kutembea kwa kasi ya kukutoa jasho nusu saa, siku 5 kwa wiki. Mchanga mkavu wa ufuoni ni mgumu kwa anayeburuta mguu. Tembea kwenye uliolowa maji yakitoka. Tezo na keke shika wakati dawa imeshika, si inapoisha. Na baharini, hata kama umeogelea tangu utotoni, usiingie peke yako: mkono na mguu vinaweza kukosa kuitika majini bila taarifa.

Babu hawezi kujigeuza kitandani wala kuinuka sijida. (Wajukuu, Langoni, Lamu)

Kitandani: akunje magoti yote mawili, nyayo zimekanyaga godoro. Ageuze kichwa anakotaka kwenda, mkono wa upande wa pili uvuke kifua, magoti yaanguke upande huohuo, mwili utafuata. Miguu ishuke kitandani kwanza, ndipo asukume godoro kwa kiwiko na kiganja. Kitambaa cha satini kuanzia mabegani mpaka mapajani hupunguza msuguano. Kisifike ukingoni asije akateleza chini. Ule mtindo wa mjukuu kumvuta shingo na mikono uachwe leo.

Kutoka chini: apige magoti, aweke stuli nzito mbele, mguu wenye nguvu zaidi mbele, mikono yote kwenye stuli, asukume. Akitoka kitini: asogee ukingoni, avute miguu nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ahesabu na kusimama kwa mkupuo. Wengi hushindwa kwa kutoinama vya kutosha, wanarudi kitini kwa kishindo.

Kizunguzungu kikimjia akiinuka, apimwe presha akiwa amelala, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3. Ikishuka 20 au zaidi tarakimu ya juu, daktari aambiwe, na mazoezi ya kutoka sakafuni yasimame. Kuswali kwa kiti kumeruhusiwa asiyeweza.

Kukanda kwa mafuta ya simsim kunaponya? (Malindi)

Kunalegeza misuli iliyokaza na kumpa usingizi mzuri, endeleeni. Hakuponyi, wala hakuchukui nafasi ya zoezi ambalo mgonjwa analifanya kwa nguvu zake mwenyewe.

Mwandiko wa mama umekuwa kama wa sisimizi, na benki inakataa sahihi yake. (Lamu)

Ni kusinyaa kulekule. Anunue daftari la watoto la mistari mipana, aandike akilenga kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini, asimame baada ya kila neno na kuanza lingine upya, kwa sababu herufi hupungua kadiri mstari unavyoendelea. Kalamu nene, mkono wote uende badala ya vidole. Maneno 20 kwa siku yanatosha. Kuhusu benki, aende mwenyewe na kitambulisho wakati dawa imeshika, aombe kuweka sahihi mpya pamoja na alama ya kidole gumba, na achague sahihi fupi anayoweza kuiandika kwa ukubwa uleule mara 5 mfululizo. Aijaribu nyumbani kwanza.